Gunia Linaloshuka: Kijiji cha Milima ya Kigezi na Soko la Owino

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maisha ya vijiji vya juu vya Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, kwa kuvitazama kutoka mwisho wa safari ya mazao yake, yaani soko la Owino jijini Kampala. Yanadai kwamba umbali unaotajwa kila mara katika mipango ya maendeleo una historia yake: uliumbwa na utawala, ukapunguzwa na miguu ya wakulima wenyewe, na leo unapimwa kwa gunia. Maneno ya kazi, ya ugonjwa, ya mavazi na ya vipimo yametumiwa kama ushahidi sambamba na maandishi ya wanahistoria.

Owino kama mahali pa kuanzia

Soko la Owino limo katika bonde la Nakivubo, kando ya uwanja wa mpira na mfereji unaobeba jina hilohilo. Lilianzishwa mwaka 1971. Jina lake rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe, kwa heshima ya Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyeuawa hapo Nakivubo mwezi Novemba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Hata hivyo, abiria akimwambia kondakta wa teksi kwamba anashukia Balikuddembe huenda akatazamwa mara mbili. Watu husema Owino, na Owino ni jina la Kijaluo. Basi soko lililo katikati ya Buganda lina mtakatifu wa Kiganda kwenye karatasi na Mjaluo kwenye vinywa vya watu. Kwa mtafiti wa lugha hilo peke yake lingetosha kuandikiwa makala. Hapa nalitaja kwa sababu moja tu: Owino ni mahali ambapo majina, bidhaa na watu wa mbali hukutana bila kuulizana sana walikotoka.

Kati ya bidhaa zinazolijaza soko hilo, mbili zinahusu hoja yetu. Ya kwanza ni viazi mviringo vinavyoshuka kutoka Kabale, Rubanda na Kisoro, safari ya zaidi ya kilomita 400. Ya pili ni mitumba, ambayo Waganda huiita mivumba, na ambayo hupanda kuelekea milima hiyohiyo. Mlima hutuma chakula, nao hupokea sweta na makoti. Atakayeifuata njia ya bidhaa hizo mbili ataijua historia ya kijiji cha juu kuliko atakayesoma ripoti za umaskini peke yake, kwa kuwa ripoti hizo huanza na kijiji kikiwa tayari kimetengwa, wala haziulizi kilitengwa na nani.

Mlima kabla ya gunia

Kigezi ni nchi ya vilima vilivyosongamana, vingi vikifika kati ya mita 1,800 na 2,400 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Bunyonyi lenyewe liko karibu mita 1,950. Usiku ni wa baridi, ukungu hukaa bondeni hadi jua lipande, na mvua huja kwa misimu miwili. Mwanaanthropolojia May Edel, aliyeishi miongoni mwa Wakiga mwaka 1933 na ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1957, alikuta jamii isiyokuwa na mfalme wala mtemi. Mamlaka yalikuwa ya wazee wa ukoo, na kila nyumba ilijihesabu kuwa huru. Chakula kikuu kilikuwa mtama, pamoja na njegere, maharage na viazi vitamu. Vazi la asili lilikuwa ngozi.

Si vema kuisifu hali hiyo kupita kiasi. Uhuru wa nyumba ulikuwa uhuru wa mwenye nyumba. Msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa aliweza kutupwa kwenye maporomoko ya Kisiizi, au kuachwa afe katika kisiwa kidogo cha Akampene ndani ya Bunyonyi. Wageni wa leo huonyeshwa kisiwa hicho kutoka kwenye mtumbwi na kupigwa picha. Anayeandika historia ya kijiji cha juu hana budi kukiandika pia kisiwa hicho, la sivyo ataandika historia ya wanaume.

Milima hii iliingia katika dola la kikoloni kwa kuchelewa. Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji waliigombania hadi walipokubaliana mipaka huko Brussels mwaka 1910. Mstari uliochorwa uliwapitia watu waliosema lugha moja au zinazosikilizana, na kijiji kilichokuwa katikati ya njia za biashara ya chumvi, mifugo na majembe kikawa ukingoni mwa nchi. Hapo ndipo umbali wa Kigezi ulipoanzia. Kabla ya mwaka 1910 hapakuwa na mji mkuu wa kuwa mbali nao.

Mwaka 1911 Muhumuza, mwanamke aliyeongoza wafuasi wa Nyabingi katika Ndorwa dhidi ya Wazungu, alishindwa vitani na kutekwa. Alipelekwa Kampala na kuzuiliwa huko hadi alipofariki mwaka 1945. Miaka mingi kabla viazi havijaanza kushuka, Kampala iliijua milima ile kwa njia ya mateka.

Utawala uliofuata uliletwa na maajenti wa Kiganda. Barazani na kanisani lugha ilikuwa Kiganda, na Mkiga aliyeshtakiwa alisikia kesi yake ikiendeshwa kwa lugha ya jirani mwenye nguvu. Uasi wa Nyakishenyi wa mwaka 1917 uliwalenga maajenti hao waziwazi, na katika miaka iliyofuata nafasi zao zilipewa wenyeji hatua kwa hatua. Mmoja wa wenyeji waliopanda katika utumishi huo, Paulo Ngologoza, baadaye aliandika historia ya Kigezi kwa Kikiga. Ni kitabu ambacho sisi wa Kiswahili tumekisoma kidogo mno.

Wapakasi

Kodi ilidai fedha, na mlimani fedha haikuwapo. Wanaume wakashuka kwa miguu hadi Buganda kulima pamba na kahawa za wengine. Utafiti ulioongozwa na Audrey Richards na kuchapishwa mwaka 1954 ulionyesha jinsi Buganda ilivyotegemea vibarua kutoka kusini-magharibi na kutoka Ruanda-Urundi. Kazi hiyo iliitwa kupakasa, na mtu wake mpakasi. Mimi naliona neno hilo kuwa jamaa wa karibu wa mpagazi wa misafara ya Kiswahili, lililobadili sauti na kuhamia mashambani. Kama ndivyo, basi neno lililobebeshwa mizigo ya pembe za ndovu katika karne ya 19 lilibebeshwa jembe katika karne ya 20, na mzigo haukuwa wa aliyeubeba katika hali zote mbili.

Nyuma kilibaki kijiji cha wanawake, watoto na wazee. Jambo hili huelezwa upesi katika vitabu vingi, kana kwamba kilimo kilisimama kikiwangoja wanaume. Hakikusimama. Wanawake ndio waliolima mtama na njegere kwenye miteremko, ndio waliojua ni kipande kipi kipumzishwe na kipi kilimwe tena. Maarifa hayo ndiyo yaliyoamua kilichofuata.

Maafa yaliyotabiriwa

Katika miaka ya 1940 maofisa wa kilimo walikubaliana kwamba Kigezi ilikuwa inaelekea kuangamia. Watu walikuwa wengi, ardhi ilikuwa imechoka, udongo ungeteremka wote hadi bondeni. J. W. Purseglove, ofisa wa kilimo wa wilaya, alipima matumizi ya ardhi mwaka 1945, akasimamia ujenzi wa makinga maji, na kuanzia mwaka 1946 akaongoza mpango wa kuwahamisha Wakiga kwenda Kigezi ya kaskazini. Baadaye uhamaji huo uliendelea hadi Ankole, Toro na Bunyoro. Vinamasi vya mabondeni navyo vilikaushwa ili vilimwe.

Mpango huo mara nyingi hutajwa kuwa mfano wa mafanikio katika Afrika ya kikoloni, ukilinganishwa na sehemu ambako makinga maji yalizua ghasia. Grace Carswell, katika kitabu chake cha mwaka 2007, ameuliza kwa nini Kigezi haikuasi. Jibu lake ni zito kwa washauri wa sera: yaliyoagizwa na maofisa yalifanana na yale wakulima waliyokuwa wakiyafanya tayari. Walikuwa wakilima kukata mteremko na kuacha mistari ya nyasi na mabaki ya mazao izuie udongo. Serikali iliyanyoosha mazoea hayo, ikayapa kanuni na faini, kisha ikayaita elimu yake. Mahali ambapo maagizo hayakulingana na mazoea, wakulima waliyapuuza. Tumbaku na kitani, mazao ya biashara yaliyosukumwa na serikali, hayakushika mizizi, kwa sababu kwa Wakiga chakula kilikuwa na faida na uhakika kuliko mazao hayo. Kiwanda cha kitani cha Kisiizi kilibaki magofu; tutakirudia.

Zaidi ya hayo, mwaka 1996 watafiti walirudia njia zilezile za upimaji alizopita Purseglove. Walitarajia kukuta ardhi isiyopumzika kabisa, kwa kuwa watu walikuwa wameongezeka mno. Walikuta kinyume chake: sehemu ya ardhi iliyopumzishwa ilikuwa kubwa kuliko ya mwaka 1945. Hii haimaanishi kwamba kijiji kilikuwa na neema. Ardhi inaweza kupumzika kwa sababu mwenyewe ana nyingi, au kwa sababu amekwenda kutafuta kibarua, na mwenye kipande kimoja huendelea kukilima mwaka hadi mwaka. Lakini maafa yaliyotabiriwa kwa miaka 50 hayakuwa yametokea kama yalivyotabiriwa. Ingefaa kila ripoti mpya inayoanza na neno janga ipimwe kwanza kwa rekodi hiyo.

Waliohamishwa walibeba historia yao. Katika Bunyoro, hasa wilaya ya Kibaale, mvutano kati ya wenyeji na Wakiga ulilipuka kisiasa mwanzoni mwa miaka ya 2000, zaidi ya nusu karne baada ya malori ya kwanza. Na juu kabisa ya milima walikuwapo watu ambao hakuna aliyewahesabu katika mpango wowote. Hao ni Wabatwa wa misitu, walioondolewa Bwindi na Mgahinga hifadhi hizo zilipotangazwa mwaka 1991. Mahakama ya Katiba iliamua mwezi Agosti 2021 kwamba walitendewa isivyo haki, ikalipeleka suala la fidia Mahakama Kuu. Kijiji kinachoitwa cha mwisho kina wa mwisho wake.

Engozi

Mgonjwa wa mlimani hana gari la wagonjwa. Ana engozi, machela ya kusukwa inayobebwa mabegani na watu wanne, wengine wakifuata ili kupokezana. Neno hilohilo katika lugha za eneo lile hutaja pia mbeleko ya mtoto, na sikio la Mswahili haliwezi kukosa kusikia ngozi ndani yake, yaani kile ambacho mtoto alibebewa kabla ya kitambaa. Binadamu wa Kigezi huingia duniani kwa engozi na mara nyingi hutoka kwa engozi.

Kila kijiji kilikuwa na chama cha engozi. Uanachama ulikuwa wa nyumba, na nyumba iliyokwepa zamu ya kubeba ilijua itakayoyakuta siku ya mgonjwa wake. Vyama hivyo vilizika pia, na vikaweka akiba. Kisiizi, penye maporomoko yale na magofu ya kiwanda cha kitani, palifunguliwa hospitali ya misheni mwaka 1958 chini ya daktari John Sharp. Mwaka 1996 hospitali hiyo ilipoanzisha bima ya afya ya jamii haikuwaandikisha watu mmoja mmoja. Iliandikisha vyama vya engozi. Uganda wakati huo haikuwa na bima ya afya ya taifa, na mswada wake umezungumzwa kwa miaka mingi tangu hapo. Wanaoutunga watafaidika kujua kwamba wanakijiji wa mlimani walikuwa na utaratibu wa michango, zamu na adhabu kabla ya bima yenyewe kuja, na kwamba bima iliyoutumia utaratibu huo ilidumu.

Viazi, na neno lumbesa

Kiazi mviringo ni mgeni. Wakiga hukiita emondi. Waganda husema obumonde, yaani lumonde mdogo, kwa kuwa lumonde wao ni kiazi kitamu. Kisoro, ambako Kifumbira kinafanana na Kinyarwanda, husemwa ibirayi, na sioni sababu ya kuitafuta asili ya neno hilo nje ya Ulaya ileile iliyomo katika viazi ulaya vya Kiswahili. Mgeni huyu alipenda baridi. Kituo cha utafiti cha Kalengyere kilizalisha na kujaribu aina mpya huko juu, na aina ya Victoria, iliyotolewa kwa wakulima mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilienea hadi kuwa jina la kiazi chenyewe sokoni. Kampala ilikuwa inakua, chipsi zikawa chakula cha kila mtaa, na mlima ukapata zao la biashara bila kusukumwa na ofisa yeyote.

Mkulima huteremsha viazi kwa kichwa au kwa mgongo hadi ilipo barabara. Hapo hungoja mkusanyaji, naye humngoja mwenye lori, na mwenye lori huuza kwa jumla Owino alfajiri. Kipimo katika safari nzima ni gunia. Bei hutajwa kwa gunia, lakini ukubwa wa gunia huamuliwa na mnunuzi. Mdomo huongezwa nyasi na kamba, viazi hupandishwa juu yake kama mnara, na uzito hupita kilo 100 kwa kiasi ambacho mkulima hawezi kukijua, kwa sababu barabarani hapana mizani. Aliyelijaza halipwi kwa mnara huo.

Kiswahili kina neno la jambo hili: lumbesa. Tanzania hulitumia neno hilo bungeni na magazetini, na Wakala wa Vipimo huwakamata wenye magunia hayo. Kenya, kwa kanuni za viazi za mwaka 2019, iliweka kikomo cha kilo 50. Uganda ina Shirika la Viwango lenye dhamana ya vipimo, na ina wakulima wanaolijua jambo hilo mabegani mwao, ila haina neno moja ambalo mkulima wa Rubanda, dalali wa Owino na mbunge wangelitamka wakimaanisha kitu kilekile. Sidai kwamba neno hujaza mfuko. Nadai kwamba dhuluma iliyopewa jina huripotiwa, huhesabiwa na kushtakiwa kwa urahisi kuliko isiyo na jina, na uzoefu wa Tanzania unaonyesha hivyo hata pale ambapo lumbesa haijaisha.

Udhaifu wa mkulima huyu ulionekana mara mbili hivi karibuni. Februari 2019 mpaka wa Katuna ulifungwa kwa mgogoro wa Uganda na Rwanda, ukafunguliwa Januari 2022. Kwa kijiji cha mpakani mstari wa mwaka 1910 ukawa ukuta, na Kampala ikabaki kuwa takriban mnunuzi pekee. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 2020, ukaja ugonjwa wa UVIKO-19. Wauza chakula wa masoko ya Kampala waliagizwa kulala sokoni, wauza nguo wakaamriwa kufunga. Chakula cha mlima kiliruhusiwa kushuka, sweta hazikuruhusiwa kupanda.

Sweta

Ngozi alizoziona Edel zilitoweka, na kitambaa kipya hakikuwahi kuwa rahisi kwa mwanakijiji. Tangu miaka ya magendo, wakati wa Amin na baada yake, mitumba ndiyo iliyowavisha wengi nchini. Penye baridi ya mita 2,000 koti si pambo. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Rwanda iliendelea hadi Marekani ikaisimamishia msamaha wa ushuru wa mavazi mwaka 2018, wenzake wakarudi nyuma. Agosti 2023 Rais Museveni alitangaza tena kwamba mitumba ipigwe marufuku. Hoja ya viwanda vya ndani ina uzito wake, nami siidharau. Lakini katika mjadala wote sauti zilizosikika zilikuwa za wenye viwanda na za wachuuzi wa Owino. Aliye mwisho wa njia ya mtumba, mtoto anayekwenda shule asubuhi yenye ukungu Rubanda, hakuwa na msemaji, na hakuna aliyekokotoa bei ya sweta mpya kwa magunia ya viazi ya mzazi wake.

Lugha ya barabarani

Kiswahili kilifika Uganda kwa biashara na kikachukiwa kwa jeshi. Gavana Gowers alitaka kukipa nafasi rasmi mwishoni mwa miaka ya 1920, Kabaka Daudi Chwa akapinga. Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na kumbukumbu ya askari wake ikakiharibia jina. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Owino mauzo mengi hufanywa kwa Kiganda. Kiswahili husikika zaidi pale wanunuzi wa mitumba kutoka Kongo, Sudan Kusini na Kenya wanapoingia. Mkiga anayeuza viazi huingia katika mazungumzo hayo akiwa na lugha ya nyumbani kwake na Kiganda cha kubahatisha, kama babu yake mbele ya baraza la ajenti.

Mitaala ya Kiswahili inayoandaliwa sasa imejaa salamu, wanyama wa porini na methali. Shule ya msingi ya Rubanda ingeweza kuanza na mizani, kilo, risiti, dalali, mkataba na lumbesa, na mwanafunzi akayapeleka maneno hayo barabarani jioni ileile ambapo mama yake anamngoja mwenye lori.